Masikio yaliyozoea dansi na rumba: albamu za jazi, rege, roki na kufokafoka ziingiliwe wapi?

Mzee wa Upande B

Wakuu, salamu. Swali ni la msikilizaji wa miaka 67 aliyezoea dansi, rumba ya Kongo na taarab kidogo. Sasa anataka kuzipitia albamu ambazo kila orodha ya dunia inazitaja: jazi ya Marekani, rege, roki, kufokafoka, muziki wa mashine, hata piano za Ulaya. Orodha zenyewe zina albamu mia tano, nyingine elfu, zimepangwa kwa mwaka au kwa alama za wakosoaji. Hazikwambii uingilie mlango gani.

Naomba majibu yenye vipimo. Ipi kabla ya ipi, isikilizwe mara ngapi, sikio lielekezwe wapi, na kitu gani humfanya mtu azime kabla ya kufika mwisho. Vifaa vilivyopo: simu, kispika cha bluetooth, na mashine ya santuri iliyokaa muda mrefu bila kuguswa.

Besi Nne

Shikamoo mzee. Kabla ya majina, tuanze na neno albamu lenyewe, maana hapo ndipo mtu wa dansi anakwama bila kujua.

Dansi letu halikuishi kwenye albamu. Lilitoka redioni, au kwenye santuri ndogo za mizunguko 45: upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili ambako magitaa yanachemka. Wimbo mmoja, pande mbili, umekwisha. Santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, ambayo Columbia waliitoa Marekani mwaka 1948, inabeba kama dakika 22 kila upande bila kuharibu sauti. Wanamuziki wa jazi na roki wakaanza kupanga kazi kwa kipimo hicho: wimbo wa kufungua, wa kupumzisha, wa kufunga upande, kisha msikilizaji anainuka kugeuza sahani. Kwa hiyo usikilize kwa upande, usikilize nusu nzima kwa mkao mmoja.

Kwenye simu mkato huo umefutika, ila unaweza kuurudisha mwenyewe. *Kind of Blue* ya Miles Davis inakatika baada ya wimbo wa tatu. *What's Going On* ya Marvin Gaye inakatika baada ya wimbo wa sita. Hizo sita zimeunganishwa bila pengo, kisha zinabaki tatu. *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd inakatika baada ya "The Great Gig in the Sky", ile sauti ya mwanamke isiyo na neno hata moja, na upande wa pili unafunguliwa na kelele za mashine ya pesa ya dukani. *A Love Supreme* ya John Coltrane ina sehemu nne, mbili kila upande. Fika hapo, simama, kunywa maji, rudi.

Mizunguko ya kusikiliza ni mitatu, kila mmoja na siku yake. Mara ya kwanza unakaa tu, mikono mitupu. Mara ya pili unafuata besi peke yake toka mwanzo hadi mwisho, mengine yapite. Mara ya tatu unachukua wimbo mmoja uliokuchosha zaidi, unausikiliza mara mbili ukihesabu mapigo kwa vidole. Hukumu inakuja baada ya hapo. Albamu mbili kwa wiki zinatosha. Anayemeza tano kwa siku hakumbuki hata moja.

Na kinachofanya watu wa rumba wazime ni kimoja: wanasubiri chemko. Sikio limefundishwa kwamba baada ya beti na kiitikio, gitaa la solo litafungua na mambo yatachangamka. Albamu nyingi za huko hazina mlango huo. Dakika ya sita inafika, kasi ni ileile, mtu anasema muziki umekufa. Haujakufa. Mabadiliko yako mahali pengine: kwenye mpangilio, kwenye mpigaji mmoja kumpisha mwingine, au kwenye ala iliyonyamaza.

Fundi Kipaza

Naongezea ya vifaa, maana nusu ya chuki dhidi ya rege na jazi inatokana na spika ya simu.

Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa mawimbi 41 kwa sekunde. Spika ya simu chini ya 300 hivi haitoi kitu cha maana. Maana yake kwenye simu husikii besi yenyewe, unasikia kivuli chake tu. Dansi linavumilia hilo kwa sababu magitaa matatu yako juu. Rege haivumilii, kwa kuwa besi ndiyo inayoimba wimbo. Kispika cha bluetooth ukubwa wa kikombe kinaanzia kama 80 au 100; kiweke karibu na kona ya ukuta, kuta zitaongeza besi bure. Hedifoni za kufunika sikio ni bora kuliko vyote viwili kwa bei ileile.

Kwenye programu ya muziki fanya haya kabla hujaanza. Zima alama ya mishale miwili inayopishana, hiyo inachanganya nyimbo ovyo. Zima kipengele kinachoingiza wimbo mmoja ndani ya mwingine kwa sekunde kadhaa, kinaharibu albamu ambazo nyimbo zake tayari zimeungana. Zima pia kile kinachoendelea na nyimbo zinazofanana baada ya albamu kwisha. Watu wengi wamesifia "wimbo wa mwisho" ambao haukuwemo kabisa.

Bando: kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, dakika 45 zinakula kama megabaiti 54. Kwa 320 ni 108. Ipakue mara moja ukiwa na mtandao mzuri, kisha irudie bila gharama. Ukisikiliza mara tatu moja kwa moja mtandaoni unalipa mara tatu.

Jihadhari na matoleo. Ukitafuta jina la albamu utapewa toleo lenye nyimbo 25 wakati la asili lina 9. Nyongeza ni majaribio na maonyesho ya jukwaani, ziache kwa baadaye. Mpaka wa asili ni ule wa orodha ya nyimbo za santuri ya kwanza. Pia matoleo mengi yaliyosafishwa upya miaka ya 1990 na 2000 yamebanwa sauti ili yasikike makubwa, na ngoma zimepoteza kishindo. Kama kuna matoleo mawili, yaweke kwenye sauti sawa ya masikio kisha usikilize mpigo wa ngoma: lenye ngoma inayoruka juu ya ala nyingine ndilo la kubaki nalo.

Halafu masikio, kwa heshima zote mzee. Umri huondoa kwanza sauti nyembamba za juu, zinazobeba herufi kama s, f, t na k. Ndiyo maana mtu anasikia kwamba fulani anaimba lakini maneno hayashiki. Kuongeza sauti yote hakutibu hilo. Kwenye ekwalaiza, kile kipengele cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, inua eneo la mawimbi 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde kwa desibeli 3 tu, uiache besi ilivyo. Kiwango salama cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zikipanda muda unakatwa nusu: kwenye 83 ni saa 20. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia amwombe fundi wa masikio amwekee mpangilio wa muziki. Mpangilio wa kawaida umetengenezwa kwa maongezi. Kifaa kikisikia filimbi ndefu au kinanda kinachoshikilia sauti moja, kinadhani ni mluzi wake chenyewe na kinajaribu kuuzima. Muziki unatetemeka, mtu analaumu santuri.

Mzee wa Upande B

Marahaba wote wawili. La chemko limenigusa. Sasa jazi: majina ya bendi zetu yalikuwa Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, NUTA Jazz. Hii ya Wamarekani ina uhusiano gani nayo, na niingilie wapi?

Katanga Solo

Uhusiano wa jina ni mkubwa kuliko wa muziki, mzee. Hata bendi ya Franco iliitwa O.K. Jazz, na walichopiga ni rumba. Neno lilimaanisha bendi ya kisasa yenye ala za kizungu. Damu yenyewe ilitoka Kuba: santuri za mizunguko 78 za mfululizo wa GV zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, na wapigaji wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, wakazishika hadi magitaa yakachukua kazi ya piano na tarumbeta.

Kwa hiyo ningekuingizia Kuba kwanza. *Buena Vista Social Club*, iliyorekodiwa Havana Machi 1996 kwenye studio za EGREM na kutoka 1997. Mpango wa awali ulikuwa kuwakutanisha Wakuba na wapiga ala wa Mali. Wamali wakakosa viza, wakaitwa wazee wa mjini Havana. Wimbo wa kwanza, "Chan Chan", gitaa linazunguka hatua nne zilezile mwanzo hadi mwisho. Compay Segundo anapiga gitaa la nyuzi saba alilolibuni mwenyewe. Hapo huna cha kujifunza, sikio lako linajua tayari. Kazi yako ni moja: mfuate Rubén González kwenye piano, kwa sababu ukishazoea kufuata piano ndani ya rumba, utaifuata ndani ya jazi.

Hatua ya pili Brazili: *Getz/Gilberto*, 1964, nyimbo nane, dakika 34 hivi. Wimbo wa kwanza unafundisha mpangilio wa jazi kwa upole: João Gilberto anaimba kwa Kireno, Astrud anarudia kwa Kiingereza, Stan Getz anarudia kwa saksafoni, kisha piano ya Jobim. Sauti ileile imepita mikononi mwa watu wanne. Hiyo ndiyo jazi, mengine ni ukubwa wa safari.

Hatua ya tatu ndiyo *Kind of Blue*.

Besi Nne

Ninapinga mpangilio wa Katanga kwenye jambo moja. Getz ni laini mno, mtu analala, halafu anadhani jazi ni muziki wa hotelini. Mtu wa dansi amezoea mbavu za besi na wapuliza tarumbeta wanaojibizana. Aende Kuba, kisha moja kwa moja *Kind of Blue*, maana wimbo wake wa kwanza, "So What", ni besi inayouliza na wapulizaji wanaoitikia kwa sauti mbili fupi. Ni kiitikio kama cha dansi, isipokuwa kiongozi ni mpiga besi Paul Chambers badala ya mwimbaji.

Uhesabu hivi. Kila mzunguko una mafungu manne ya hatua nane, kila hatua mapigo manne. Fungu la kwanza na la pili yako mahali pamoja. La tatu ala zote zinapanda nusu sauti, kama kuhamia kitufe cha jirani kwenye piano. La nne zinarudi chini. Hakuna kingine, dakika tisa. Ukishaisikia ile nusu sauti ya fungu la tatu bila kusubiri, umefika. Wapigaji wanapokezana kwa zamu: tarumbeta ya Miles, saksafoni ya Coltrane, saksafoni ya Cannonball Adderley, piano ya Bill Evans. Saksafoni hizo mbili zitakuchanganya mwanzoni. Ya Coltrane ni nzito zaidi na inakimbia kwa mafungu ya noti nyingi. Ya Cannonball ni nyembamba na ya furaha, inakaribia kucheka.

"Freddie Freeloader" ni bluzi ya hatua kumi na mbili. "All Blues" inatembea kwa sita, kwa hiyo mguu wako utataka kuyumba, uache uyumbe. "Flamenco Sketches" haina wimbo wa kukariri. Iweke ya mwisho hata kwenye mizunguko mitatu.

Baada ya hapo *Time Out* ya Dave Brubeck, ya 1959 kama *Kind of Blue*, kwa ajili ya vidole. "Take Five" hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili. "Blue Rondo à la Turk" ni moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Inafanya hivyo mara tatu, ya nne inagawanywa tatu tatu tatu. Anayekosea hapa kwa kawaida anahesabu kwa kasi ya piano. Hesabu kwa ngoma ya Joe Morello.

*A Love Supreme* ifuate hapo, si kabla. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, dakika 33. Sehemu ya kwanza besi ina noti nne tu zinazorudiwa, na Coltrane anazipitisha kwenye kila ngazi ya saksafoni yake. Sehemu ya mwisho anapuliza maneno ya dua aliyoiandika, silabi kwa silabi, na dua hiyo imechapwa kwenye jalada. Isome huku ukisikiliza, utaona pumzi yake inaangukia mwisho wa mistari.

*Bitches Brew* ya 1970 usiiguse mwaka huu.

Katanga Solo

Sawa kuhusu Getz, ila usimfiche mzee Afrika yenyewe. *Mulatu of Ethiopia* ya Mulatu Astatke, 1972, ilirekodiwa New York: besi na ngoma za Marekani, ngazi za Kihabeshi zenye noti tano. Na *Zombie* ya Fela Kuti wa Nigeria, upande mmoja wimbo mmoja, upande wa pili mwingine. Dakika kadhaa zinapita kabla Fela hajafungua kinywa. Hapo msikilizaji wa dansi ana faida kubwa kuliko kijana, wimbo mrefu haumtishi. Masikio kwa mpiga ngoma wake, Tony Allen: mkono, mkono, mguu na mguu kila kimoja kina hesabu yake.

Besi Nne

Rege sasa. Fungua na *Catch a Fire* ya The Wailers, 1973. Hesabu moja mbili tatu nne polepole. Mpigo wa moja hauna ngoma. Ngoma kubwa inaanguka kwenye tatu, gitaa linakata kwenye mbili na nne. Mtu wa dansi anategemea kupewa ile moja, akiikosa anaona bendi imechelewa. Mpiga ngoma Carlton Barrett hakuchelewa, ameiacha wazi makusudi ili kaka yake Aston apitishe besi.

Kuna somo la pekee kwenye albamu hii. Mkanda ulitoka Jamaika, kisha London wakaongeza gitaa la Wayne Perkins, Mmarekani, na vinanda vya Rabbit Bundrick ili wapenzi wa roki wauelewe. Mwaka 2001 ukatoka mchanganyo wa asili wa Jamaika kando ya ule wa London. Sikiliza "Concrete Jungle" zote mbili kwa kufuatana: lile gitaa linalolia katikati halimo kwenye ya Jamaika.

Kisha *Marcus Garvey* ya Burning Spear, 1975, na mara tu baada yake *Garvey's Ghost* ya 1976. Ni nyimbo zilezile, sauti za waimbaji zimetolewa na fundi mitambo anazima na kuwasha ala moja moja. Hiyo ndiyo dabu. Ukiisikiliza bila kuijua ya kwanza utaona ni wimbo uliokatika katika. Kwa spika ya simu usijaribu hata moja.

Bint Tumbatu

Asalaam aleikum. Mzee kataja taarab, mbona mnaruka? Mtu aliyekaa na kanuni, udi na fidla ana njia yake.

Kama unaijua bashraf, ule muziki bila maneno unaotangulia, basi piano ya Bach haikuvunji. Tafuta *Goldberg Variations* ya Glenn Gould. Kaipiga mara mbili kwenye santuri: ya 1955 inamalizika kwa dakika 38, ya 1981 inachukua 51. Anza na ya pili, ya kwanza ina haraka ya ujana. Muundo: aria moja, mageuzi 30, kisha aria ileile inarudi. Wengi wanapotea kwa kutafuta sauti ya aria ndani ya mageuzi, hawaioni, wanasema haifanani. Haifanani kweli. Kinachobaki ni mwendo wa chini, wa besi. Fuata mkono wa kushoto. Na kila geuzi la tatu, yaani 3, 6, 9 hadi 27, sauti mbili zinafukuzana, moja inasema, nyingine inarudia nyuma yake.

Utasikia mtu ananong'ona chini ya piano. Sio santuri yako wala jirani. Ni Gould mwenyewe, hakuweza kunyamaza akipiga.

Kwa mazoezi ya kukaa muda mrefu, kabla ya Bach, chukua "Enta Omri" ya Umm Kulthum, 1964, utunzi wa Mohamed Abdel Wahab. Dibaji ya ala peke yake ni ndefu, na ndani yake mna gitaa la umeme, jambo lililozua maneno wakati huo. Ukiweza kukaa hapo saa nzima, simfonia ya nusu saa ni kahawa.

Fundi Kipaza

Nyongeza ndogo kwa Bint Tumbatu: hiyo Gould ya 1955, *Time Out* na *Kind of Blue* zote zilirekodiwa kwenye jengo moja New York, studio ya Columbia ya mtaa wa 30, iliyokuwa kanisa. Dari refu. Sikiliza mkia wa sauti tarumbeta inaponyamaza.

Nakuru Kantri

Wazee wa huku Kenya wanamjua Jim Reeves kuliko Miles, na sioni kantri kwenye uzi. *At Folsom Prison* ya Johnny Cash, iliyorekodiwa gerezani California tarehe 13 Januari 1968, na *Red Headed Stranger* ya Willie Nelson, 1975. Ya pili ni hadithi moja ya mhubiri aliyeua, imepangwa kama tenzi. Ala chache mno, wasimamizi wa kampuni walidhani ni jaribio tu. Ukiichanganya nyimbo hadithi inavunjika, kwa hiyo ile alama ya mishale aliyosema Fundi ni lazima izimwe.

Mghani

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa kufokafoka. Mnamwogopea mzee? Mtu anayejua shairi la vina na mizani ana ufunguo ambao vijana wengi hawana.

Mlango wake ni *The Low End Theory* ya A Tribe Called Quest, 1991. Besi iko mbele, ngoma kavu, hakuna kelele. Kwenye "Verses from the Abstract" besi inapigwa na Ron Carter, yule yule wa kundi la Miles miaka ya 1960. Kwa hiyo mzee akitoka *Kind of Blue* hajafika ugenini.

Kisha *Illmatic* ya Nas, 1994, vipande 10, chini kidogo ya dakika 40. Cha kwanza ni maongezi tu, kisikutishe. Sikiliza vina: shairi letu lina kina cha kati na cha mwisho, mizani nane kwa nane. Nas anaweka vina vya kati viwili, vitatu, na anavivusha mstari, sentensi inaanzia kabla ya mpigo wa moja na kumalizikia ndani ya mstari unaofuata. Ukisubiri kina mwisho wa mstari peke yake utaona anapiga kelele bila mpango. Wimbo wa tatu unafungwa na tarumbeta ya Olu Dara, baba yake mzazi. Piano ya "The World Is Yours" ni kipande cha Ahmad Jamal kilichokatwa na kuzungushwa, kwa hiyo mtafute Jamal mwenyewe, *The Awakening* ya 1970, ulinganishe.

Maneno: soma kwanza yaliyoandikwa, wimbo mmoja mmoja, kisha sikiliza. Kusoma na kusikiliza kwa pamoja mara ya kwanza kunachosha macho, wanakimbia mno. Matusi yamo, na mengi. Usiweke spika sebuleni wajukuu wakiwepo. Kwa Kiswahili pasha masikio na *Machozi, Jasho na Damu* ya Professor Jay, 2001.

Muziki wa mashine uingie hapahapa: *Trans-Europe Express* ya Kraftwerk, 1977. Wimbo wenye jina la albamu unaiga magurudumu ya treni. Vijana wa New York waliichukua sauti yake wakatengeneza "Planet Rock" mwaka 1982, na ngoma za mashine zikaenea kwenye kufokafoka. Sikiliza viwili hivyo siku moja.

Mzee wa Upande B

Nashukuru. Roki mmeipitisha haraka. Na gitaa lenye mikwaruzo ndilo linalonishinda.

Besi Nne

Anzia jirani basi. *Lazy Bones!!* ya Witch wa Zambia, 1975: mikwaruzo ipo, lakini ngoma ni za kwetu, mwili unaelewa kabla ya sikio. Mkwaruzo si ubovu wa spika, ni gitaa lililosukumwa mpaka mawimbi yake yanakatwa vichwa. Punguza eneo la 3,000 kwa desibeli 2, yaani kinyume cha ushauri wa Fundi wa maneno, uone unavyopumua.

Kisha Pink Floyd niliyoitaja juu. Kwenye "Money" hesabu saba, na gitaa la solo linapoingia bendi inahamia nne. Hapo ndipo mwili unapofunguka, na ndiyo chemko ya karibu zaidi utakayopewa na Waingereza wale.

Metali ukitaka kuionja, *Paranoid* ya Black Sabbath, 1970. Tony Iommi alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akajivika vya plastiki. Onja upande mmoja. Usipoipenda hakuna deni.

Mzee wa Upande B

La mwisho. Mashine ya santuri ilitoka Marekani, na nimepata *Kind of Blue* ya zamani. Nikipiga nayo gitaa, haliendani. Nani ana kosa?

Fundi Kipaza

Pengine wote wawili, na unaweza kuwatenganisha.

Mashine kwanza. Angalia kibandiko nyuma. Kama kimeandikwa volti 110 au 120 na hezi 60, usiichomeke kwenye volti 240 bila transfoma. Na transfoma inashusha volti tu, haibadilishi hezi. Mota nyingi za zamani zinafuata hezi, kwa hiyo kwenye 50 yetu sahani ya 33 itazunguka kama 27.8, na kila kitu kitashuka na kuwa kizito. Kwa mashine ambayo sahani yake inazungushwa na mkanda wa mpira, dawa ni puli ya hezi 50, yaani kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Kama ni ya mota ya betri au ya kisasa ya umeme mnyoofu, tatizo hilo halipo.

Sindano ibadilishwe kabla hujaweka santuri yoyote ya thamani. Ya almasi inadumu saa 500 hadi 1,000, na iliyokaa miaka bila kujulikana ihesabu imekwisha. Uzito kwenye kichwa cha sumaku ni gramu 1.5 hadi 2.5, fuata kilichoandikwa kwa aina yako. Usiweke sarafu juu ya mkono ili usiruke, unachimba mifereji. Kama una santuri za 78 zinataka sindano pana zaidi. Kusafisha: maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kujazia betri, ila soma chupa vizuri, isiwe asidi. Tone mbili za sabuni ya vyombo, kitambaa laini, zungusha kufuata mifereji, karatasi ya katikati isilowe. Spiriti kwenye santuri za 78 za shelaki usithubutu, inaziyeyusha.

Sasa santuri yenyewe. *Kind of Blue* ilirekodiwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodi ilikuwa inakwenda polepole kidogo, kwa hiyo ikipigwa kwa mwendo sahihi sauti inapanda juu ya gitaa lako. Nyimbo tatu za siku hiyo ndizo upande A wote. Upande B ni wa Aprili na uko sawa. Kosa lilisahihishwa kwenye matoleo ya kuanzia 1992.

Basi weka gitaa sawa kwa programu ya simu. Piga "All Blues", upande B, gitaa likiwa kwenye G. Likiendana, mashine yako ni nzima. Geuza upande A, na "So What" ikiwa juu kidogo ya D yako, una toleo la zamani, wala usirekebishe kitu. Ikiwa upande B nao uko chini, tena kwa kiasi kikubwa, rudi kwenye puli.